Tunayoyasema juu ya vijana wa Kivu

"Mtoto husahau upesi." Kati ya kauli zote zinazosemwa kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, hii ndiyo inayodhuru zaidi, maana inampa mtu mzima ruhusa ya kukaa kimya. Msichana aliyekuwa na miaka 5 waasi wa M23 walipoiteka Goma, mji wa Kivu Kaskazini, Novemba 2012, alikuwa na miaka 17 walipoiteka tena Januari 2025. Asahau lini? Kinachomtisha hakijapita. Usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla, kichwa kinachouma kila siku na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu: mwili wake bado uko vitani.

"Vita huua kwa risasi." Huua pia kwa malaria, kuhara na uzazi usio na mkunga, na Kongo vifo vya namna hiyo vimekuwa vingi kuliko vya risasi. Aliyebakwa vitani ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia VVU. Barabara ikifungwa, saa hizo humwishia njiani. Na wavulana nao hubakwa, wengi hawasemi.

"Aliyebeba bunduki ameshaharibika." Hapa napinga kwa nguvu zangu zote. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa waasi Thomas Lubanga kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, jirani na Kivu. Kisheria, watoto hao walitendewa uhalifu. Mtaani wanaitwa wauaji. Ndugu za waliouawa wana haki ya kulia na kudai ukweli, sikatai. Lakini nchini Sierra Leone, mtafiti Theresa Betancourt na wenzake waliwafuatilia vijana kama hao tangu 2002, wakaona kwamba waliopokewa na familia na majirani walipata nafuu zaidi, na waliotengwa walizidi kuumia. Kwa hiyo jirani anayemfukuza kijana huyo anaongeza ugonjwa.

"Amani kwanza, halafu madaktari wa akili." Kaskazini mwa Uganda, wenyeji wasio madaktari walifunzwa kuwasaidia waliotekwa utotoni wakawa askari, wasimulie maisha yao hatua kwa hatua. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha dalili za kiwewe zikipungua. Mashariki mwa Kongo pia, huko Beni, Bunia na Goma, wapo walimu, wauguzi na akina mama wa makanisa wanaoweza kazi hiyo. Wafunzwe na walipwe sasa, vita vikiwa bado vinaendelea.