MGONGO UNAUMA: TUCHOME MISHIPA AMA TUTAFUTE SABABU?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, dereva wa kamioni kubwa ya mawe, aliingia dispanseri na simu mkononi. Mgongo unamwuma tangu miaka miwili. Akaniambia: «Munganga, huko Ulaya wanachoma mishipa kwa umeme na maumivu yanaisha. Niandikie karatasi, nitauza lupango niende.» (Mimi si munganga, ni msaidizi wake, lakini pale sikumkatiza.)

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari hiyo, basi tuieleze sawasawa.

Nyuma ya uti wa mgongo kuna viungo vidogo, viwili viwili, vinavyounganisha mfupa na mfupa. Kiungo kikiharibika, mishipa myembamba ya fahamu inapeleka habari ya maumivu kichwani. Munganga anaingiza sindano ndefu karibu na mshipa ule, huku akiitazama kwa mashini ya radio. Umeme wa namna ya pekee unapasha moto ncha ya sindano mpaka digri 80 hivi, kwa dakika moja ama moja na nusu. Mshipa unakufa mahali pale na habari haipiti tena. Mgonjwa halazwi, anarudi nyumbani siku ile ile. Wala si jambo la jana: Norman Shealy wa Marekani alikuwa akiitumia kazi hiyo kwa mgongo katika miaka ya 1970.

Lakini sikilizeni. Kiungo kibovu kinabaki kibovu. Mshipa nao unaota tena, na mara nyingi maumivu yanarudi baada ya miezi sita, mwaka, pengine zaidi. Tena hawachomi kila mtu. Kwanza wanajaribu kwa dawa ya ganzi: maumivu yasipopungua sana kwa saa chache, basi mshipa ule si wenye kosa. Na kama maumivu yanateremka mguuni mpaka vidoleni, kwa sababu mshipa mkubwa umebanwa, kuchoma mishipa hii midogo hakutasaidia kitu.

Mwaka 2017 waganga wa Holandi walitangaza matokeo ya wagonjwa 681 wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Wote walifundishwa mazoezi ya mwili. Karibu nusu yao walichomwa mishipa pia. Baada ya miezi mitatu, waliochomwa hawakuwapita wenzao kwa kiasi cha maana. Waganga wengine walibisha, wakisema wagonjwa hawakuchaguliwa vizuri. Inawezekana. Mimi naona kwamba dawa inayohitaji kuchagua watu hivyo si dawa ya kuuzia lupango kabla hujapimwa.

Kuna jambo linalonitia woga zaidi. Miaka kadhaa iliyopita, mfanyakazi wa shimoni alikuja kwangu mara tatu kwa mgongo. Mara tatu nilimpa vidonge vya maumivu. Suruali ilikuwa ikimlegea kiunoni, na usiku alikuwa akitoka jasho, sikumwuliza. Ilikuwa kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo. Ninyi mnaofanya kazi katika vumbi la mawe mnajua kwamba vumbi lile linafungulia kifua kikuu mlango wa mapafu. Kiisha kinaweza kusafiri kwa damu mpaka mifupani. Yule ndugu alipona kwa dawa, lakini mgongo wake umebaki umepinda. Vidonge vyangu vilikuwa vinanyamazisha maumivu, ugonjwa unaendelea kula mfupa. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo, mgongo ukiuma pamoja na homa, jasho la usiku ama kukonda, njoo utuambie, hata tusipokuuliza. Ukiona mguu unalegea, ama unakufa ganzi katikati ya mapaja, ama huwezi tena kuzuia mkojo, usingoje mwisho wa kazi, njoo saa ile ile. Na zile sindano mnazochomwa sokoni, acheni.

Nanyi mashefu, neno moja. Mtu akileta karatasi yetu ya kazi nyepesi, msimwite mvivu. Wengi wanaficha maumivu mwaka mzima kwa kuogopa jina hilo, kiisha wanakuja wakitaka kuchomwa.

Yule dereva tulimwuliza habari ya kiti chake. Resori za kiti zimevunjika tangu zamani, na kila shimo la barabara linampiga kiunoni kazi nzima. Tumemtuma kwa munganga na kwenye radio ya mgongo, ameanza mazoezi, na barua ya kiti imefika garaji; tunangoja jibu. Lupango yake haijauzwa.