Mlima Elgon: Usalama wa mpakani huanzia shambani

MAZUNGUMZO kuhusu usalama wa kimataifa jijini Nairobi aghalabu huelekezwa Somalia, Sudan Kusini au mashariki mwa Congo. Ni nadra Mlima Elgon kutajwa. Hata hivyo, historia ya ukanda unaotanda kutoka Bungoma hadi Kitale inadhihirisha kuwa mzozo wa mashamba waweza kuishia katika mahakama ya kanda nzima.

Mfano ulio wazi ni uasi wa kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF), uliopamba moto kati ya 2006 na 2008. Chanzo chake kilikuwa ugavi wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk, ulioanzishwa 1971 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Chepkitale. Awamu ya tatu ilipotekelezwa, familia zilizohofia kufurushwa zilikataa kuondoka, na vijana wakashika silaha. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Maelfu walihama makwao, baadhi wakivuka mpaka hadi Uganda.

Machi 2008, serikali ilituma wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei Komol, aliuawa Mei mwaka huo na uasi ukazimwa. Lakini jeshi nalo lilishutumiwa kwa mateso na kutoweka kwa raia, shutuma ambazo serikali ilizikanusha. Shirika hilo lilieleza 2011 kwamba watu wapatao 300 waliochukuliwa na pande hizo mbili hawakuwa wamepatikana.

Mwaka wa 2010, shirika la Independent Medico-Legal Unit liliishtaki Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, jijini Arusha. Kitengo cha kwanza kiliamua Juni 2011 kuwa kingeweza kuisikiza kesi hiyo. Machi 2012, kitengo cha rufaa kiliitupilia mbali kwa kuwa iliwasilishwa baada ya makataa ya miezi miwili yaliyowekwa na mkataba wa jumuiya. Swali la iwapo raia waliteswa halikujibiwa.

Mkasa huu unafichua pengo katika utafiti wa usalama. Mfumo wa IGAD wa kutahadharisha mapema kuhusu migogoro, CEWARN, ulioasisiwa 2002, ulianza kwa kufuatilia mapigano ya wafugaji katika maeneo kama Karamoja. Ishara za Chebyuk zilikuwa za aina nyingine: orodha za wagawiwa ardhi, ahadi za wanasiasa na notisi za kuhama.

Pili, mpaka huzaa shuku upesi. Wasabaot wana ndugu zao Kapchorwa, nao Wabukusu wana udugu na Wagisu wa Mbale. Mnamo 1995, Kenya iliilaumu Uganda kwa kuwahifadhi waasi wa FERA waliohusishwa na John Odongo, na uhusiano wa majirani hao ukazorota. Serikali isiyojua kiini cha ghasia nyumbani kwake ni rahisi kumnyoshea jirani kidole.

Sera ya kigeni ambayo Kenya iliichapisha 2014 iliitaja diplomasia ya amani miongoni mwa nguzo zake tano. Nguzo hiyo haiwezi kusimama kwa taarifa za miji mikuu pekee. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichotunukiwa hati 2015, kiko katika kaunti iliyoubeba msiba huo. Watafiti wanaoishi karibu na wahusika wana fursa ya kuhoji pande zote na kulinganisha kumbukumbu za ardhi, kabla mashahidi hawajaaga dunia.

Kazi hiyo si ya kitaaluma tu. Sheria ya Kenya huruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba kuchukuliwa kuwa amefariki, lakini jamaa hawana budi kufuata utaratibu wa kuthibitisha hilo. Bila hati, urithi hukwama. Urithi ukikwama, umiliki wa shamba hubaki na utata. Na ni utata wa mashamba uliowatia vijana bunduki mikononi.