Mboga ziendazo Ulaya hupimwa, za Kongowea je?

MWANZONI mwa 2013 wakulima wa mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda yanayokuzwa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, walijipata matatani. Muungano wa Ulaya ulianza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoate kupatikana ikizidi kiwango kinachoruhusiwa.

Wauzaji wa nje walielewa somo hilo upesi, kwani lilipitia mifukoni mwao. Mlaji wa humu nchini hakupata mtetezi wa aina hiyo. Nyanya na sukuma wiki zinazoshushwa alfajiri katika soko la Kongowea, Mombasa, huwa zimekwisha kupikwa kufikia jioni. Sampuli za soko la ndani huchukuliwa, ndiyo, lakini majibu yanaporudi huwa yanazungumzia chakula kilicholiwa kitambo.

Kuchelewa huko si uzembe wa wanamaabara. Kwa dawa nyingi ambazo hazikuwekewa kiwango mahsusi, Ulaya huruhusu miligramu 0.01 pekee katika kilo moja ya chakula, sawa na gramu moja katika tani 100. Kwa maji ya kunywa, kikomo ni mikrogramu 0.1 kwa lita, yaani gramu moja ya dawa katika lita milioni 10. Ili kunasa kiasi hicho, mboga husagwa, kemikali hutolewa kwa viyeyusho, kisha mashine za kromatografia huzitenganisha na kuzitambua moja baada ya nyingine. Mashine hizo ni ghali na huhitaji mtaalamu, umeme usiokatika na gesi safi.

Ndiyo sababu macho ya wanasayansi yameelekezwa kwenye vifaa vinavyobebeka. Kimoja hufanana na kile wanachotumia wagonjwa wa kisukari kujipima damu. Juu ya elektrodi ndogo hupakwa kimeng'enya kiitwacho asetilikolinestirasi, ambacho pia hufanya kazi katika neva za wadudu na za binadamu. Dawa za makundi ya oganofosfeti na kabameti huua kwa kukilemaza. Kwa hivyo zinapogusa elektrodi, mkondo wa umeme hupungua, na upungufu huo ndio kipimo. Sumu, kwa maneno mengine, hujisaliti kwa kazi yake yenyewe.

Njia ya pili hutumia mwanga. Mwanasayansi wa India, C. V. Raman, aligundua mwaka wa 1928 kwamba molekuli hutawanya mwanga kwa namna inayozitambulisha, mithili ya alama za vidole. Ishara hiyo ni hafifu mno, lakini chembechembe ndogo za dhahabu au fedha huikuza maradufu mara nyingi. Tone lililopanguswa kwenye ganda la tunda laweza kutoa jibu katika dakika chache.

Hata hivyo, wauzaji wa vifaa hivi wasiachwe watembee na ahadi tupu. Elektrodi ya kimeng'enya husema tu kwamba kuna kitu kinachokilemaza, haitaji jina lake. Glaifoseti, dawa ya magugu inayotumiwa sana, huipita bila kuishtua. Rangi ya kijani ya sukuma wiki nayo huvuruga usomaji wa mwanga. Kwa hivyo nafasi ya vifaa hivi ni kuchuja, ili maabara ipelekewe mizigo michache yenye shaka badala ya kubahatisha.

Suala hili limewahi kufika Bungeni. Mnamo 2019 Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, Gladys Shollei, aliwasilisha ombi la kutaka dawa hatari zipigwe marufuku, na mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kuondoa sokoni bidhaa 77. Lakini marufuku hushughulikia chupa iliyo dukani. Hayamgusi mkulima anayenyunyizia dawa halali leo na kuvuna kesho, kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kwisha, kwa kuwa bei imepanda na lori linangoja.

Huyo angeweza kunaswa tu langoni mwa soko, na kwa kifaa cha dakika chache. Kisha lingezuka swali ambalo kaunti zitalazimika kulijibu kabla ya kununua hata elektrodi moja: nyanya zikitiliwa shaka saa kumi alfajiri, nani ana mamlaka ya kulizuia lori, na hasara ya mzigo uliooza ukingoja maabara italipwa na nani iwapo utapatikana hauna hatia?