Matanga mawili, mlingoti mmoja yatosha

KATIKA fukwe zetu za Bahari ya Hindi, kuanzia Paje na Jambiani hadi Diani, mchezo wa ubao wa tanga una vijana wengi wanaoutamani na wachache wanaoumudu. Tunazungumzia ule ambao mchezaji husimama juu ya ubao, akashika tanga kwa mikono yake na kuuacha upepo umchukue. Vifaa vipya ni ghali, hivyo wengi huingia mchezoni kwa mtumba. Mgeni anayekaribia kupanda ndege hataki kurudi na mzigo, analiuza tanga lake kwa bei ya kutupa, na kijana analidaka.

Mtumba hauna ubaya. Tatizo ni kwamba kijana hununua tanga linalouzwa, siyo tanga analolihitaji. Baada ya wiki mbili liko uani linaliwa na jua, hela imekwenda, na mwenyewe ameshahitimisha kwamba mchezo huu ni wa wazungu. Sisi tunasema mchezo hauna kosa. Kilichokosewa ni hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji shahada.

Tuanze na upepo. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayolisukuma tanga huongezeka mara nne. Ndiyo maana tanga lililokuwa tamu asubuhi kwa upepo wa noti 12 linaweza kukubwaga majini mchana kwa noti 20. Kwa macho unaona bahari imechangamka kidogo tu, kumbe nguvu imekaribia kuwa mara tatu. Noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, fahamu kwamba hizo ni takriban noti 22. Siku hiyo anayejifunza akae nchi kavu anywe kahawa. Tusije tukatoka kwenye matanga ya ubao tukaishia kwenye matanga ya msiba.

Hesabu ya pili ni uzito wako mwenyewe. Ipo kanuni ya makadirio wanayoitumia wachezaji: chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 1.34, kisha gawanya kwa noti za upepo. Jibu ni ukubwa wa tanga, kwa mita za mraba, unaotosha kuuinua ubao uteleze juu ya maji. Kijana wa kilo 65 kwenye upepo wa noti 15 anapata 5.8. Upepo ukifika noti 20 anahitaji kama 4.4 tu. Mwenzake wa kilo 85, kwa upepo ule ule wa noti 15, anapata 7.6.

Umeona mtego ulipo? Mgeni mwenye mwili wake anapokwambia “hili tanga linafaa kabisa kwa upepo wa hapa,” hasemi uongo. Linamfaa yeye. Wewe mwenye kilo 65 ukilibeba, litakuburuta.

Kanuni hii si msahafu. Upana wa ubao na ustadi wa mchezaji hubadilisha mambo. Tena anayeanza kabisa asiifuate, maana yeye bado hana haja ya mbio. Anahitaji tanga dogo la mita 3.5 hadi 5 kulingana na mwili wake, ubao mkubwa unaomstahimili, na upepo mwanana. Kazi yake ya kwanza ni kusimama, kulinyanyua tanga kutoka majini na kugeuka kurudi alikotoka.

Hesabu ya tatu ni ya kalenda, na hii wazee wetu wa pwani walituachia. Kaskazi hushika takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huvuma katikati ya mwaka hadi Septemba hivi, na baina yake huja tangambili, kipindi ambacho upepo haujaamua. Manahodha wa majahazi makubwa hawakung'ang'ania tanga moja. Upepo ulipozidi walishusha kubwa wakapandisha dogo. Mwenye mfuko mdogo apite njia hiyo hiyo: matanga mawili, basi. Habari ya kuwa na matanga matano waachie wenye magari ya kuyabebea.

Lakini mawili yapi? La kwanza liwe la siku nyingi, siyo la siku nzuri. Vijana wengi hununua kwa ajili ya ile siku moja ya sifa, ambayo upepo unapiga na picha zinatoka safi. Siku hizo ni chache. Chukua daftari, kwa mwezi mmoja andika upepo wa kila alasiri pale unapochezea. Namba inayojirudia zaidi ndiyo ya kupigia hesabu ya tanga la kwanza. Msimu ukibadilika, andika tena. Hapo ndipo utajua tanga la pili liwe dogo au kubwa zaidi.

Tofauti ya hayo mawili iwe kama asilimia 20. Ukianza na 5.6, la pili liwe la 4.6 au 4.7 kwa upepo mkali, au 6.7 kama kwenu upepo ni wa kubembeleza. Ukinunua 5.6 na 5.2 umelipia kitu kile kile mara mbili, sawa na klabu iliyosajili mabeki wawili wa kulia ikasahau kiungo. Ukinunua 7.5 na 4.0 umeacha shimo katikati, na siku zako nyingi ziko humo humo shimoni.

Sasa tufike kwenye mlingoti, mahali ambapo wengi hupigwa. Tanga peke yake ni kitambaa. Kila tanga limeandikwa namba zake, ama karibu na sehemu ya chini au kwenye mfuko wake: urefu wa upande unaoingia mlingoti, urefu wa mkono wa kushikia, na mlingoti unaopendekezwa. Milingoti huuzwa kwa urefu wa sentimita 370, 400, 430, 460 na kuendelea, na kila urefu una ugumu wake. Mlingoti mgumu kupita kiasi huliharibu umbo la tanga, na tanga lisilo na umbo halivuti sawasawa hata likiwa jipya.

Kwa hiyo mwenye hela ndogo achague matanga mawili yanayokubali mlingoti mmoja. Matanga mengi ya mita 4.7 hadi 5.5 hukaa vizuri kwenye mlingoti wa 400. Pale tanga linapouzidi mlingoti, kiungo cha kurefushia hujaza pengo: tanga lenye urefu wa sentimita 430 juu ya mlingoti wa 400 linataka nyongeza ya 30. Mkono wa kushikia nao hurefuka na kufupika, hivyo mmoja unatosha yote mawili. Tanga la bei chee linalodai mlingoti wake peke yake si la bei chee tena. Rahisi huja kuwa ghali.

Kabla hujatoa hela, litandaze mchangani na ulikague kwenye mwanga. Plastiki angavu ya dirishani ikiwa imepauka na kukauka kiasi cha kulia kama karatasi ukiikunja, jua limeshaila na itapasuka karibuni. Pitisha mkono kwenye kila fito uone kama ipo iliyovunjika. Tazama mishono, hasa pale mlingoti unapoingia na pale chini kamba inapovutwa. Tundu dogo hutibika kwa kiraka, lakini plastiki iliyochoka haina dawa zaidi ya kubadilishwa.

Na msiige kila mnachokiona kwenye televisheni. Katika Olimpiki ya Paris 2024, mbio zilizofanyika Marseille, wanaume walitumia tanga la mita 9 na wanawake la mita 8. Wale wana foili, bawa lililo chini ya ubao linalouinua mzima mzima kutoka majini, na wana miaka ya mazoezi nyuma yao. La kuiga kwao ni jingine: kila mshindani alikuwa na ukubwa mmoja tu wa tanga kwa mashindano yote, upepo uwe mwingi au haba. Ukubwa wa stoo hauleti medali.

Mwisho tuna neno kwa klabu, hoteli na wafadhili. Msaada wa vifaa tunaushukuru, lakini kabla ya kuupokea ulizeni ukubwa. Klabu yenye watoto wa kilo 40 na 50 ikirundikiwa matanga ya mita 7 haijasaidiwa, imepewa kazi ya kutunza mizigo. Wanaoumia kwanza ni wasichana. Anapewa tanga la kaka mkubwa, linamshinda kulinyanyua, watu wanamcheka, kesho haji. Kisha tunakaa vikaoni tunauliza kwa nini mabinti hawapendi michezo ya majini. Tanga moja la mita 3.5 na jingine la 4.5, yenye mlingoti mwepesi, yataibakiza timu nzima mchezoni kuliko matanga kumi ya watu wazima.

Kwako kijana, kabla ya kwenda kununua beba namba tatu: uzito wako, noti za siku nyingi za ufukweni kwenu, na urefu wa mlingoti ulionao au utakaoupata. Mtajie muuzaji. Tanga lake likikubaliana nazo, kaa naye mpatane bei. Lisipokubaliana, mtakie safari njema, apande nalo ndege.