Kuona Vizuri Hakuthibitishi Uzima wa Figo

Mjimwema, kama kwingineko Songea, mwenye sukari akishauriwa kupima macho na figo huwa na jibu tayari: naona vizuri, nakojoa vizuri, mnanipima nini? Namwelewa. Kwenda hospitali ni nauli na siku nzima ya shamba iliyopotea, na ni vigumu kulipia kipimo cha kiungo kisichouma. Hata hivyo hoja zake zote mbili hazisimami, na ya mkojo ndiyo dhaifu zaidi.

Sukari ikizidi kwenye damu, figo hushindwa kuirejesha yote, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji. Ndiyo maana mgonjwa huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Mkojo mwingi kwake ni habari ya sukari iliyopanda, wala hausemi lolote kuhusu uzima wa figo. Kila figo ina vichujio vinavyokaribia milioni moja, na baadhi vikifa, vilivyobaki hubeba kazi yao. Kwa hiyo hata kipimo cha damu cha kreatinini huweza kutoa majibu ya kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Kinachotangulia ni albumini, protini ya damu inayopenya kwenye mkojo kama majani yanavyopita kwenye chujio la chai lililotanuka. Haileti maumivu, na mwanzoni haibadilishi hata sura ya mkojo.

Na macho? Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haihisi maumivu. Vimishipa vyake huweza kuvimba na kuvuja damu na mafuta huku mwenyewe akiendelea kusoma ujumbe wa simu bila shida, mradi uharibifu haujafika katikati. Akianza kuona ukungu, mara nyingi amechelewa: matibabu ya leza huzuia hasara isiongezeke, lakini kwa kawaida hairudishi kilichokwisha kupotea.

Macho na figo vina uhusiano wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Vyote hutegemea mishipa midogo mno ya damu, na sukari huiharibu kwa njia zinazofanana, ikinenepesha kuta zake na kuzifanya zivuje. Figo imejificha, retina haikujificha. Tangu Hermann von Helmholtz alipobuni kifaa cha kutazama ndani ya jicho mwaka 1851, daktari anaweza kuiona mishipa ya mtu aliye hai bila kumpasua. Akikuta damu imevuja humo, asimruhusu mgonjwa aondoke kabla ya kuuliza habari za figo.

Lakini siwaungi mkono wanaosema jicho safi linatosha. Kwenye kisukari cha aina ya kwanza, figo zikiharibiwa na sukari, karibu kila mara retina nayo huonyesha. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, haifuati utaratibu huo: wapo ambao figo zinavuja na retina haina hata doa, na wengi wao wana presha pia. Mkojo lazima upimwe.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu wazima 369 wa kliniki ya kisukari ya Bugando, Mwanza. Zaidi ya asilimia 80 walikutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo, wengi kwa albumini kwenye mkojo. Hakuna aliyekuwa akijua. Hawa walikuwa watu wanaofika kliniki kwa miguu yao na kurudi nyumbani.

Wengine hulaumu vidonge vya sukari kwamba ndivyo vinavyoharibu figo. Chanzo cha dhana hiyo nakiona: figo zikidhoofika, daktari hupunguza au kusimamisha metformini, kimojawapo cha vidonge hivyo, na jirani huona dawa na figo, haoni miaka ya sukari iliyotangulia. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari kwa dawa kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. Anayeacha vidonge ili kuokoa figo anaziweka hatarini.

Aina ya pili hukaa mwilini miaka kabla ya kugunduliwa, hivyo macho na mkojo vipimwe mara tu mtu anapoambiwa ana sukari, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza vipimo hivyo miaka 5 baada ya kugunduliwa. Siku ya kutiwa matone ya kupanua mboni, mgonjwa atoe na mkojo wa kupimwa albumini. Nauli ni ileile.