Kabambare: chanjo ya kichaa isimsahau paka

Kusini mwa Maniema, toka Kasongo hadi Kabambare, mpunga ni chakula na ni pesa. Penye mpunga hapakosi panya, ndiyo maana paka ana kazi katika kila nyumba.

Lakini virusi vinamwua. Tifusi ya paka humtapisha na kumharisha. Watoto wa paka wengi hufa kwa siku chache. Mafua ya paka hujaza uchafu machoni na puani. Magonjwa hayo mawili hayaambukizi watu. Mgonjwa atengwe, apewe maji kidogo kidogo, vyombo vyake vioshwe kwa javeli. Asipewe parasetamoli: hata kidonge kimoja kinaweza kumwua.

Kichaa cha mbwa ni jambo lingine, maana paka naye hukipata. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo wakuu wanapopanga kuchanja mbwa, wahesabu na paka. Mbwa hulala nje. Paka hulala mkekani pamoja na watoto.