NYUMBA ILIYOPOKEA WAGENI NAYO IHESABIWE



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari ya mupira, ya korali na ya mitihani. Leo sisi wanafunzi wa darasa la sita tunaomba nafasi ya kuandika juu ya jambo ambalo kila mumoja wetu ameliona kwa macho yake, lakini wachache wanalizungumuza: namna misaada inavyogawiwa kwa watu waliokimbia vita. Hatuandike siasa. Tunataka kusema neno moja tu, nalo ni hili: nyumba iliyopokea wakimbizi nayo ihesabiwe.

Tuanze na yale tuliyoona. Mwisho wa Juni 2024 vita ilifika Kanyabayonga na Kirumba, kule kusini ya teritware ya Lubero. Watu walishika barabara ya kaskazini, magodoro ku kichwa, mbuzi ku kamba, watoto ku mugongo. Wengine walisimama Lubero, wengine walifika mupaka hapa kwetu Butembo. Tunakumbuka wazee waliokaa chini pembeni ya barabara, wamechoka hata kusema jina la kijiji chao.

Walilala wapi? Kuko waliolala ndani ya makanisa, na kuko waliolala ndani ya masomo. Lakini walio wengi walibisha hodi. Walikuwa na shangazi huku, rafiki wa biashara kule, ao mukristo mwenzao ambaye zamani alilala kwao wakati wa mukutano. Wakafunguliwa mulango. Na si hapa tu. Mwaka 2024 watu waliohamishwa na vita ndani ya Kongo yetu walipita milioni 7, na sehemu kubwa yao walikaa ndani ya nyumba za watu, si ndani ya kambi.

Sasa, kambi inaonekana. Ina mabashi meupe, na kamio inajua mahali pa kusimama. Nyumba haionekane. Ukipita ku avenyu unaona mulango uliofungwa na moshi unatoka ku jiko, basi. Hujue kama ndani kuko watu 6 ao watu 20.

Mumoja wetu alitupatia hesabu ya kwao, na tuliifanya pamoja ku ubao. Wao ni watu 7. Walipokea familia mbili, jumla wakawa watu 21. Nyumba ina metre 6 kwa metre 5, ni kusema metre 30 za mraba. Kuko kitabu kinachoitwa Sphere, ambacho mashirika ya misaada yalianza kukitayarisha mwaka 1997 ili wakubaliane juu ya mambo ambayo mutu hawezi kukosa. Kinasema kila mutu apate nafasi ya kulala isiyopungua metre 3,5 za mraba, litre 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisipite watu 20. Tukazidisha: watu 21 wanahitaji metre 73 na nusu. Wana 30. Wanahitaji litre 315 za maji, ni kusema karibu bido 16 za litre 20 kila siku. Mwenzetu akasema: «Siye tunachota 5.» Darasa lote likanyamaza.

Sasa tusikie yale yaliyofuata. Shirika moja lilikuja na misaada: unga, maharagwe, mafuta, sabuni na mablanketi. Tunalishukuru, juu hakuna mutu aliyelilazimisha kuja. Lakini lisiti iliandikwa pale tu watu walipolala kwa wingi, ku kanisa na ku masomo. Waliolala ndani ya nyumba za watu hawakuandikwa, na mwenye nyumba hata hakuulizwa. Mama wa mwenzetu alikwenda kuuliza. Wakamujibu kama yeye si mukimbizi. Alirudi akasema maneno ambayo hatutayasahau: «Ni kweli, miye si mukimbizi. Lakini sufuria ni yangu, kuni ni zangu, na bale bote banakula kwangu. Ku lisiti siko, ku jiko niko.»

Juma lililofuata, familia moja kati ya zile mbili ilikunja mikeka. Baba alimushukuru mwenye nyumba kwa heshima, akatoka na watoto wake kwenda kulala ndani ya kalasi, juu ya sementi. Hakufukuzwa. Alikwenda ili aonekane, apate jeto. Ndugu wasomaji, tufikiri vizuri hapa. Mutu alikuwa na kitanda cha kuazima, moto wa jioni na jirani wa kumuamusha mutoto akiwa na homa. Namna ya kugawa musaada ikamutoa mahali pazuri, ikamupeleka mahali pabaya. Na kila aliyehama hivyo aliongeza musongamano ndani ya kalasi ambamo sisi tulipaswa kusoma.

Sote tunajua mwaka wa masomo wa 2024-2025 ulivyoanza. Makalasi mawili yalifundishwa ndani ya chumba kimoja, moja likiangalia mashariki, lingine magharibi. Asubuhi tulingojea akina mama wamalize kutoa mikeka na sufuria ndipo tuingie. Dawati mbili ziligeuka kuni. Kuko wenzetu waliokasirika, wakaanza kuita watoto wa wakimbizi majina mabaya ku uwanja. Tunaungama: hata sisi wengine tulicheka. Lakini tuliikosea hasira yetu mahali pake. Yule baba hakuja ku kalasi kwa kupenda. Alifuata lisiti.

Tena tuseme jambo la jina. Sisi tunawaita wote wakimbizi. Lakini katika sheria, tangu Mapatano ya Geneva ya 1951, mukimbizi ni yule aliyevuka mupaka wa inchi yake. Huyu wa Kirumba hakuvuka mupaka wowote. Yeye ni mwananchi ndani ya inchi yake, mwenye karte ileile kama yako. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 na Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009 zinasema kama wa kwanza wenye kumulinda na kumusaidia ni wakubwa wa inchi yake mwenyewe. Mashirika yanakuja kusaidia pale nguvu inapopungua. Kwa hiyo tukingojea kamio tu, tunasahau kuuliza shefu wa kartie na wakubwa wetu wengine: na ninyi mumefanya nini?

Kuko somo la zamani ambalo wazazi wetu wanalijua. Katikati ya Julai 1994 Wanyarwanda mamia elfu walivuka wakaingia Goma kwa siku chache. Kolera iliwaua makumi elfu. Dunia yote ilituma misaada, na ilihitajika sana. Lakini ndani ya zile kambi, lisiti za kugawa zilishikwa na wakubwa waliotoka nao, na kati yao walikuwamo wale waliopanga mauaji ya kule Rwanda. Walipandisha hesabu ya watu, wakauza kilichozidi, wakatawala watu kwa unga. Mwezi wa Novemba 1994 Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliamua kutoka ndani ya kambi hizo juu ya jambo hilo. Na wenyeji wa Goma walipata nini? Waliona miti ya Virunga ikikatwa kuwa kuni, na kamio zikiwapita. Somo ni hili: mwenye kushika lisiti ndiye mwenye kushika watu. Lisiti si karatasi tu.

Tunajua majibu ambayo watu watatupa. Tumeyasikia.

Wa kwanza anasema: «Mukiandika nyumba, kila mutu atadanganya. Ataita watoto wa jirani wahesabiwe.» Ni kweli, watu wanadanganya. Lakini je, ku kambi hawadanganye? Tumeona jeto zikiuzwa. Dawa ya uongo ni kusoma majina waziwazi mbele ya watu wa avenyu. Ku avenyu kila mutu anajua nani analala wapi. Mama muuza mandazi anajua kuliko mugeni mwenye kompyuta aliyefika jana.

Wa pili anatukumbusha mithali: mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Mithali ni nzuri, na wageni wetu hawakuikataa. Ni wakulima. Kule kwao walilima viazi na maharagwe. Tumewaona asubuhi mapema wakipita na majembe ya kuazima kutafuta kibarua, na wenye mashamba wengine wakiwalipa nusu ya bei juu wanajua hawana kwa kwenda. Shida si jembe. Shida ni shamba, na shamba limebaki nyuma ya vita.

Wa tatu ni mukristo mwenzetu. Anasema: «Tuanze na wa kanisa letu.» Huyu tunamujibu kwa upole lakini kwa nguvu. Katika mwaka uleule wa 1994 Musalaba Mwekundu na mashirika mengi, hata ya makanisa, walikubaliana juu ya kanuni kumi za mwenendo. Ya pili inasema musaada hautolewe kwa kuangalia kabila ao dini. Ya tatu inasema usitumiwe kuvuta watu ku siasa ao ku dini. Sisi wa masomo ya Kiprotestanti hatuone haya juu ya kanuni hizo. Njaa haina batizo.

Tunasema haya sasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kama pesa zilipungua. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya dharura katika Kongo, na mwanzoni mwa 2025 serikali yake ilizisimamisha. Kukiwa kidogo, kukosea namna ya kugawa ni kosa kubwa zaidi. Ya pili ni yale yaliyotokea Goma. Mwisho wa Januari 2025 M23 waliteka muji ule, na Februari kambi za pembeni yake, zilizokuwa na watu mamia elfu, zilivunjwa kwa siku chache. Watu walikwenda wapi? Wengine walirudi ku vijiji vyenye nyumba zilizobomoka. Wengine walibisha hodi tena. Kambi inaweza kuondolewa kwa siku chache. Mulango wa jirani ndio unaobaki, na mulango ule usiposaidiwa, nao utachoka.

Basi, tunaomba mambo manne.

Moja: lisiti iandikwe nyumba kwa nyumba, mwenyeji na wageni wake pamoja ku karatasi moja, na isomwe mbele ya watu wote kabla ya kugawa. Kati ya wale wanaoiandika wawemo akina mama, wa wenyeji na wa wakimbizi.

Mbili: mwenye nyumba apate kitu kinachobaki kwake: bido, blanketi, sabuni, bashi moja la kuongeza chumba, ao kazi ya kuchimba choo cha pili. Hatuseme apate sawasawa na mukimbizi. Tunasema asipate bure.

Tatu, tunaelekea kwako, Bwana Prefe, kwa heshima yote. Masomo ya msingi ya Serikali hayalipishwe tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipishwa. Wenzetu waliotoka Kirumba na Kanyabayonga wanarudishwa nyumbani pamoja na wengine siku ya kudai pesa. Wengine walikuwa karibu na Examen d'Etat kama sisi. Tunaomba wapewe muda mpaka mwisho wa mwaka, na Komite ya wazazi ikae kutafuta njia. Tunajua walimu wanaishi kwa pesa ile, kwa hiyo hatuombe masomo yafute deni. Tunaomba tu mutoto asifukuzwe ndani ya kalasi wakati deni linangojea.

Ine ni yetu wenyewe. Tumekubaliana kila Ijumaa baada ya saa ya mwisho kuchota maji kwa nyumba tatu za karibu zilizopokea wageni, bido mbili kwa kila mwanafunzi. Vitabu vyetu vya hesabu na vya Kifaransa tutasomea wawili wawili pamoja na wale wasio navyo. Na yale majina mabaya ku uwanja yamalizike. Ukilisikia, mukataze mwenzako, hata akiwa mukubwa kuliko wewe.

Tumalize na hadithi ambayo sote tunaijua tangu Masomo ya Siku ya Mungu, ile ya Musamaria. Mara nyingi tunahubiriwa juu ya mafuta na divai aliyomupakaa mutu aliyepigwa na wanyanganyi. Ni vizuri. Lakini tusome mupaka mwisho. Musamaria alimupeleka yule mutu ku nyumba ya wageni, na kesho yake akamupa mwenye nyumba dinari mbili. Tena akamuahidi kumulipa yote yatakayozidi, siku atakaporudi. Alijua kama kumulaza mutu ndani ya nyumba yako kunaleta gharama. Hakumuambia mwenye nyumba kama yeye hajapigwa ku njia, basi asihesabiwe.

Ndugu zetu wanaogawa misaada, na ninyi wakubwa wa muji wetu, tunawaomba tu mufike mupaka mwisho wa hadithi. Mama wa mwenzetu hajafunga mulango wake. Asiufunge kwa kukosa sabuni na kuni.

Wasomaji wapenzi, anayefikiri tofauti na sisi aandike, tutapokea jibu lake kwa furaha. Bwana awabariki.

Sisi wanafunzi wa darasa la sita